Theluthi ya Mwaka wa Nne

Siku walipokutana, umeme ulikuwa umekatika katika jengo la wizara ya nishati, lifti imekufa, na ukumbi wa chini umefurika watu waliokuja kutoa maoni juu ya bei ya umeme huohuo. Mchambuzi wa makadirio alikuwa akishuka kwa ngazi kutoka ghorofa ya sita, gauni la kijani limemkaa sawasawa, viatu virefu mguuni, rundo la karatasi za makadirio yaliyokwisha kutangazwa kifuani. Ngazi ya mwisho akaikosa. Hakuanguka, ila karatasi zilikwenda kila upande na watu wakazikanyaga bila haya.

Mmoja tu aliinama. Alikuwa amevaa shati la bluu lililokunjwa mikono, na nywele zake zilikuwa na vumbi la saruji. Aliokota karatasi moja moja, akazipanga kwa miaka iliyoandikwa juu yake, kisha akasimama na uso wa huzuni.

"Mwaka wa kumi na nane hauonekani."

"Umeukanyaga," mwanamke akamwambia.

Akatazama chini ya kiatu chake. "Kumbe. Ndiyo maana niliona giza mbele."

Yule mwanamke akacheka mpaka akashika ukuta. Akaja kujua kwamba huyo ni fundi, ana duka la sola mitaa miwili kutoka pale, anauza paneli na kuzifunga mwenyewe juu ya mapaa ya watu. Moyo wake ukalegea na kushtuka kwa wakati mmoja, na kushtuka huko kulikuwa na sababu zake.

Kitengo cha mchambuzi huyo kazi yake ilikuwa jedwali moja: kwa miaka ishirini na mitano ijayo, nchi itahitaji umeme kiasi gani, utatoka wapi, na utauzwa kwa bei gani. Hadi siku ya kutangazwa, jedwali ni siri, maana anayeijua bei mapema hununua na kuuza mapema kuliko wenzake. Wakati wa jedwali lililopita, mchambuzi mmoja alimwaga mtama kwa shemeji yake muuza jenereta. Walimfukuza kazi siku hiyohiyo, na kiti chake ndicho alichokikalia huyu mwenye gauni la kijani.

Basi wakapendana, siri na yote. Fundi alimwita Makadirio wangu. Alimpigia simu kila mchana kumuuliza kama amekula, na akijibiwa bado, anauliza makadirio ya kula ni saa ngapi. Mwezi wa pili akaanza kugusia ndoa. Mchambuzi, aliyekuwa amepiga magoti akitafuta kiatu chini ya kochi, alimkata kauli: habari za ndoa asizisikie mpaka jedwali litoke, kwa sasa kichwa chake kimejaa megawati. Akakipata kiatu, akakimbilia kazini, na maneno yale akayasahau kabisa.

Mwezi wa tatu fundi akaanza kuuliza jedwali linatoka lini. Aliuliza kwa simu, aliuliza kwa ujumbe, aliuliza akimsindikiza nyumbani. Na mara mbili simu yake ililia wakiwa pamoja, akatoka nje kuipokea, akarudi akisema ni mambo ya kazi tu. Mchambuzi alijikausha, lakini usingizi ulianza kumpungua, akaenda kumweleza dada yake mkubwa.

"Muuza sola anakuulizia jedwali la bei ya umeme," dada akasema, akikunja nguo bila kuinua macho. "Mdogo wangu, wewe shule ulisoma au ulikuwa unapita njia?"

Neno hilo lilimwingia na halikutoka. Alijua vizuri: umeme ukipanda bei, sola inauzika kama maji, ukishuka, muuza sola anafunga duka. Nani angefaidi kulijua jedwali kuliko mpenzi wake? Akakata shauri kumtega. Atamwambia namba ya uongo, yeye peke yake, halafu akae chonjo aone itatokea wapi.

Sasa, mtu mwingine angetunga namba kichwani akaenda zake. Mtu wa kazi hii hawezi hata kudanganya bila hesabu. Alitaka uongo ambao fundi akiuuliza maswali uwe na majibu. Alhamisi asubuhi akafungua jedwali lenyewe kwenye kompyuta, akaishusha bei ya gesi ya kuzalishia umeme kwa nusu, akaiacha hesabu ijipige. Bei ya umeme ikashuka kwa theluthi moja katika mwaka wa nne. Aliinakili namba hiyo kwenye kikaratasi, na kabla hajairudisha gesi mahali pake, mkuu wa kitengo akampigia simu apande haraka kwenye kikao. Akabonyeza kuhifadhi, akaondoka.

Jumamosi walikaa kwenye benchi la bustani, fundi akimenya chungwa. Akamwambia kwa sauti ya chini: mwaka wa nne, umeme utashuka theluthi.

Kisu kikasimama. "Theluthi nzima?"

"Nzima. Usimwambie mtu."

Fundi akampa nusu ya chungwa na kusema hatamwambia mtu. Mchambuzi alimkagua usoni kama afisa wa forodha anavyokagua begi. Aliona mtu amepigwa na kitu, na hakujua ni kitu gani.

Jumanne rasimu ya jedwali ilipelekwa kwa wajumbe kumi wa kamati ya kulipitisha. Ijumaa, kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti, kwa herufi kubwa: umeme kushuka theluthi moja mwaka wa nne. Mchambuzi alilisoma akiwa amesimama kando ya barabara. Hakungoja hata kufika ofisini. Alimpigia palepale.

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia nani nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Theluthi. Namba hiyo niliisema kwako peke yako. Haiko popote duniani. Niliitunga kwa ajili yako."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa kuchimba ukuta, kisha ukazimwa. Alipozungumza, fundi alizungumza polepole sana.

"Uliitunga."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wiki nzima nimebeba uongo wako moyoni nikidhani ni siri yako." Akashusha pumzi. "Sijamwambia mtu. Lakini aliyenitega ameshanihukumu. Kazi njema."

Simu ikakatika. Mchambuzi akafuta namba yake, akafuta na picha, akajipongeza kwamba ameokoka. Alijipongeza mpaka machozi yakamtoka.

Jumatatu mkuu wa kitengo aliwaita wote. Akasema kuna mjumbe wa kamati amelipatia gazeti rasimu, na huyo atapatikana. Kinachomkosesha raha ni kingine: ile theluthi iko kwenye rasimu, ukurasa wa tisa, na hakuna anayejua imetoka wapi.

Mchambuzi akafungua ukurasa wa tisa. Akaiona namba yake. Akaikumbuka gesi, kikao, kubonyeza kuhifadhi. Haikutoka kwa fundi hata kidogo. Ilitoka kwenye kompyuta yake, kwa kidole chake mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Namba kwenye jedwali zaweza kubadilika kwa mengi, na kila mtu ofisini aligusa faili lile. Lakini alikuwa ameshamwonea mtu mmoja mwezi huo, akaona kumwonea wa pili kutamshinda. Alinyoosha mkono, akaeleza yote, hata benchi na chungwa, mbele ya watu kumi na mmoja. Alipewa onyo la maandishi, akatolewa kwenye umeme, akahamishiwa hesabu za kuni na mkaa.

Dada alipopewa habari aliweka nguo pembeni. "Lakini muuza sola atangaze umeme unashuka ili iweje? Si ni kujiua mwenyewe?"

"Dada, si ni wewe uliyenitia wasiwasi?"

"Wasiwasi wangu, mtego wako," dada akajibu. "Tusichanganye."

Alimpigia fundi kwa namba aliyoikumbuka kichwani, siku sita mfululizo. Hakupokea. Siku ya jedwali lililosahihishwa kutangazwa, umeme ukaonekana hautashuka hata senti, mchambuzi alivaa lile gauni la kijani akaenda dukani.

Mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mteja. Maboksi ya paneli yalipangwa mpaka darini, mapya, hayajafunguliwa. Fundi alikuwa akifunga mkanda wa vifaa kiunoni. Mchambuzi akasema alichokuja kusema: kosa ni lake, namba ilitoka kwenye mashine yake, amekiri kazini, amekuja kukiri na hapa.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Macho ya mchambuzi yakarudi kwenye maboksi. Akauliza yaliletwa lini.

"Niliyaagiza Jumatatu ile, baada ya benchi. Mshirika wangu alikuwa ananipigia simu kila siku niweke sahihi."

"Ukijua umeme utashuka?"

"Nikijua."

"Kwa nini hukughairi?"

"Ningeghairi angeniuliza sababu. Angejiuliza nimejuaje. Na kila mtu mtaa huu anajua mpenzi wangu anafanya kazi wapi." Akakaza mkanda. "Duka ningelipata jingine."

Mchambuzi akakaa juu ya boksi. Aliona aibu kuliko siku ya ofisini, na alimpenda kuliko siku yoyote. Akauliza la mwisho: basi lile jedwali alikuwa analiulizia la nini kila siku?

"Ulisema nisizungumzie ndoa mpaka litoke."

Kile kiatu chini ya kochi kikamrudia akilini, pamoja na megawati zake. Akajifunika uso kwa viganja, halafu akavitoa.

"Limetoka leo asubuhi," akasema. "Niulize."

Fundi alimtazama kwa muda. Ulikuwa mtazamo anaoujua, ule wa kukagua begi, ila safari hii begi lilikuwa yeye.

"Nitakuuliza. Lakini si leo."

"Lini?"

"Sikuambii. Wewe umezoea kujua mambo miaka ishirini na mitano kabla. Hili likae bila tarehe."

Mchambuzi alitaka kubisha, kuomba angalau mwezi, angalau robo ya mwaka. Akameza maneno yote. Fundi akachukua ngazi, wakatoka pamoja mpaka nyumba ya tatu, ambako mteja pekee ambaye habari ya gazeti haikumkimbiza alikuwa akisubiri paneli mbili juu ya paa. Fundi akaiegemeza ngazi ukutani, akamtaka mchambuzi aishike. Mchambuzi akavua viatu vyake virefu, akaikamata kwa mikono miwili.

Fundi alipanda taratibu. Kabla hajafika juu aligeuka mara mbili kutazama chini, kuhakikisha bado imeshikwa. Mchambuzi aliona, na ilimuuma. Akazidi kuishika.