Tembe la Ukurasa wa Kumi na Mbili

Fumbo la ukurasa wa kumi na mbili halikuwa na njia ya kutokea. Mwalimu Melkizedeki alijua hivyo kwa sababu alilichora mwenyewe, kwa makusudi, na asubuhi ile alikuwa anapitapita katikati ya madawati ya darasa la nne, mikono nyuma, akiwatazama watoto arobaini na watatu wakihangaika na penseli zao kama kuku waliofungiwa. Alikuwa anafurahi sana. Ndipo binti yake Kristina, aliyekaa dawati la mbele, alipoweka penseli chini na kusema polepole kwamba yeye ameshatoka.

Baba yake akakichukua kile kitabu. Mstari wa penseli uliingia mlangoni, ukazunguka chumba hadi chumba, ukafika ukuta wa nyuma, na pale haukuruka wala kusita. Ulipita katikati ya ukuta, ukaenda hadi ukingoni mwa karatasi, ukashukia kwenye ubao wa dawati na kuishia chini ya kiganja cha mtoto.

"Umevunja ukuta," alimwambia. Mtoto mwingine angekuwa ameshalambwa fimbo nne.

"Siyo mimi, mwalimu," alijibu Kristina, maana hata yeye alikatazwa kumwita baba akiwa darasani. "Kuna mtu mle ndani. Yeye ndiye aliyeshika penseli."

Watoto hawakucheka. Mwalimu aliliita jibu hilo ujinga, akafuta mstari ule kwa raba mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Huyu Melkizedeki alikuwa na dharau iliyokubuhu, na hakuna haja ya kumsitiri. Chuo cha ualimu alikaa miaka miwili tu, lakini ukimsikiliza ungedhani chuo kilijengwa kwa ajili yake. Kijiji chetu cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Unyambwa, alikiona kama adhabu aliyopewa na mtu asiyempenda. Wazee walimpita njiani akanyanyua kidevu tu, shikamoo haikumtoka mdomoni, na kwa kuwa ndiye aliyewaandikia barua za kwenda wilayani, walimeza. Kitu kimoja tu duniani hakukidharau, nacho ni Kristina, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa na miaka tisa. Huyo alimpenda mpaka dharau ikamwisha mbele yake.

Vile vitabu navyo vilikuwa na asili yake. Shule ililetewa sanduku la vitabu vya watoto wa Ulaya, vya kufundishia historia ya karne za kati: mangome, wafalme, askari waliovaa chuma hadi puani, na kila ukurasa una njia zinazopindapinda ambazo mtoto anatakiwa kuzipita kwa penseli akimpeleka mjumbe kwa mfalme. Walimu wengine waliyakata makaratasi yale kusokotea tumbaku. Melkizedeki akaona mbali zaidi. Atachora vyake, vya karne zile zile lakini vya Afrika, vyenye misafara ya dola ya Mali hapa, soko la dhahabu pale, na mkaguzi wa shule akija ataona kichwa kilichojificha porini na kukihamishia mjini, kwenye ofisi wanakotungia vitabu. Alichora kwenye stensili, akazungusha mashine ya kurudufu mpaka mikono ikawa myeusi kwa wino. Vilikuwa vitabu vizuri, tusimnyime haki yake.

Tatizo lilikuja kwenye jumba la sultani wa Kilwa. Pwani hakuwahi kufika, na jumba la sultani hakujua lina umbo gani. Akafungua daftari lake la zamani, akachukua ramani ya tembe la Mzee Alute, mmoja wa wazee waliohamishiwa kijijini.

Tembe hilo, nyumba ya udongo hadi paa, lilikuwa kubwa kuliko yote ya upande ule, vyumba kumi na kimoja vinavyoingiliana kuzunguka zizi, na mlango mmoja tu. Mwalimu alilipima mwaka sabini na nne, alipokuwa katibu wa kamati ya kuhamishia watu vijijini. Mzee Alute aliomba siku moja tu. Wao wakihama nyumba wanatoboa ukuta wa nyuma, upana wa mtu kupita, ili kile kilichokaa na watu miaka yote nacho kipate njia yake, kisifuate watu wala kisifungiwe. Melkizedeki akamuuliza kama hicho kitu kina kadi ya chama. Mgambo wakacheka. Mzee akapandishwa lori na magunia yake ya uwele, mlango ukafungwa kwa mti, na ukuta wa nyuma ukabaki mzima.

Sasa ramani ile ile ameiita jumba la sultani, na akaiacha bila mlango wa kutokea, apate kuwajua watoto waongo. Nakala arobaini na tatu.

Siku ile mchana, nyumbani, Esta mkewe aliona mtoto anatembea kando ya kuta akizigusa kwa kiganja. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na bati juu, hakuna pa kupotea. Kristina alitoka uani, uwanja mtupu uliofagiliwa, akawa anapinda kushoto na kulia mahali pasipo na kitu. Alipoitwa kula alisema anakuja, lakini alichukua muda mrefu kufika kuliko umbali wenyewe.

Kesho yake nyumba ikaanza kunuka. Ilinuka moshi wa samadi na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, harufu ya zizi, na mwalimu ambaye hakufuga hata bata akamgombeza mkewe kwamba anakaribisha wanakijiji akiwa yeye hayupo. Esta aliapa hakuingia mtu. Kisha wote wawili wakasikia, ndani kabisa ya ukuta wa chumbani, kitu kikikwaruza, kwaru, kwaru, kikatulia, kikaenda mbele hatua moja, kikakwaruza tena.

"Panya," alisema mwalimu.

"Panya gani anayejua kuhesabu?" alinong'ona Esta. "Kila mara ni kumi na moja."

Siku ya tatu Kristina hakuamka. Macho yalikuwa wazi, alipumua, lakini alilala chali kwenye mkeka huku kidole chake kikichora hewani, na midomo ikisema kwa sauti ya mbali kwamba amefika chumba cha nne. Zahanati walimpa klorokwini. Mwinjilisti alikuja akaomba kwa muda mrefu, na alipokuwa anasema amina mtoto alisema amefika chumba cha sita, hapa pana giza, na kuna mtu anapumua. Mwinjilisti alisahau kofia yake kwa haraka ya kuondoka.

Mwalimu Melkizedeki alikaa kando ya mkeka akiushika ule mkono uliokuwa ukichora, akajaribu kuutuliza, nao ukaendelea kutembea ndani ya mkono wake, mdogo, wa moto, ukipinda kona ambazo yeye alizifahamu moja moja kwa sababu ndiye aliyezichora, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke chuoni akawa hana jina la kukiita kitu alichokuwa anakiona. Aliogopa.

Esta hakumuuliza. Alimtuma mtu Unyambwa kumleta Idrissa, mzee mfupi aliyejua mambo ya majini. Mwalimu alitaka kusema kwamba majini ni ya pwani, huku bara hayana kazi, lakini mtoto alikuwa ameshafika chumba cha nane, naye akampisha mzee mlangoni.

Idrissa alifukiza ubani mpaka nyumba ikawa nyeupe. Jua lilikuwa linawaka nje, mlango wazi, na bado chumba kile kilikuwa na baridi ya ndani ya tembe. Akainama sikioni mwa mtoto, akauliza kwa upole ni nani aliye naye.

Sauti iliyojibu haikuwa ya mtoto. Ilikuwa kavu, ya kizee, na haikuwa na haraka.

"Nimefungiwa miaka miwili," ilisema. "Kwenye karatasi nimetoka. Kwenye udongo bado. Huyu aliingia mwenyewe, kwa mlango niliochorewa na baba yake. Baba yake anifungulie, nami nitamfungulia."

"Na asipofungua?"

"Akifika chumba cha mwisho atakaa. Nyumba haikai bila mtu."

Idrissa akatoka nje akajifuta jasho. Alimwambia mwalimu kwamba yeye hana dawa ya hilo, jini hili lina nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Aende kwa Mzee Alute. Afike na miguu yake, asimtume mtu.

Alikwenda. Alisimama mlangoni kwa mzee yule, kwenye ile mistari ya nyumba aliyoipanga yeye mwenyewe kwa kamba, akaeleza akiwa anatazama pembeni, kama mtu anayetoa taarifa ya mkutano. Mzee Alute hakumsimanga. Alichukua mtaimbo, akampa yeye aubebe, wakaondoka wawili.

Njiani akamfundisha. Atatoboa yeye aliyezuia, wakati kivuli cha mtu kiko chini ya nyayo zake. Tundu likishapita, aombe radhi, asimame kando, aache kinachotoka kitoke chenyewe. "Utaitwa," alisema mzee. "Utaitwa na sauti unayoipenda. Usiingize mkono. Mwanao hayuko mle kwa mwili, hana mkono wa kushikwa."

Mwalimu aliitikia kwa kidevu.

Kwenye mahame ya Mzee Alute kulikuwa kimya. Nyasi zimemeza zizi, paa la udongo limebonyea kidogo, na ule mti bado umezuia mlango. Walizunguka nyuma. Mzee akarudi hatua ishirini, akageuza uso kama mila yao inavyotaka, na Melkizedeki akapiga mtaimbo. Udongo wa kale ulikuwa mgumu kama jiwe. Alipiga, akapiga, jasho likamwingia machoni, na kila alipopumzika alisikia upande wa pili wa ukuta kitu kikipumzika naye, na alipoanza tena nacho kikaanza, kikikwaruza kutoka ndani pale pale chuma kilipogusa, mpaka mwishowe bonge moja likaangukia ndani, harufu ya moshi wa samadi na maziwa yaliyoganda ikampiga usoni, na kutoka kwenye lile giza, karibu kabisa, chini kidogo, sauti ya Kristina ikasema, "Baba. Hapa. Nimefika cha kumi na moja, baba, nishike."

Alisahau radhi. Au tuseme kweli: hakusahau, aliona ni upuuzi wa mzee asiyejua kusoma, na mtoto ni wake, na anayemjua mtoto ni baba yake. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani.

Mkono mdogo ukaingia kwenye wake. Ulikuwa wa baridi. Akavuta, haukuja. Akavuta tena, ndipo alipohisi kwamba ni yeye anayevutwa, taratibu, bila nguvu, kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani, na kichwa chake kikapita tunduni, akaona vyumba, kimoja nyuma ya kingine, vingi kuliko vile alivyovipima. Kisha mkono ukamwachia. Upepo ukampita sikioni, ukatoka, ukaenda zake kuelekea majabali.

Alijitoa, akasimama. Mzee Alute alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Umetoa mkono?"

"Hapana."

"Mwalimu. Kama umetoa, sema sasa hivi, tukiwa hapa hapa. Bado lina dawa. Tukishavuka lile jiwe la mpakani mwa mahame, halina."

Alilitazama lile jiwe. Alimtazama mzee, miguu yake yenye magaga, shuka lake lililochakaa, macho yaliyokuwa yanasubiri. Kukiri kwa mtu kama huyu. Akajipangusa udongo begani.

"Mimi siyo mtoto wa darasa la nne, mzee," alisema. Wakavuka jiwe.

Nyumbani Kristina alikuwa ameketi, anakunywa uji, amekonda lakini macho ni yake. Esta alikuwa analia na kucheka. Harufu ilikuwa imeondoka, ukuta umenyamaza. Mtoto alimwambia baba yake kwamba mtu yule wa ndani alitoka, na yeye akatoka nyuma yake kwenye mwanga. Melkizedeki akamkumbatia, akalia kwa sauti bila kuona haya, na Idrissa na wote waliokuwepo wakaangalia pembeni kwa heshima. Alipomaliza kulia alisema anataka hewa kidogo. Akainuka, akapiga hatua mbili, akasimama katikati ya chumba.

Mlango ulikuwa mbele yake, wazi, jua limejaa kizingitini. Aligeuka kushoto. Aligeuka kulia. Akanyoosha kiganja mbele kama anayepapasa.

"Baba Kristina, unatafuta nini?" aliuliza Esta.

Kristina akaweka bakuli chini, akamshika mkono, akamvusha kizingiti, akampeleka mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna ukuta upande wowote, mashamba ya alizeti tu na mbingu. Akamwambia kwamba wamefika nje.

Mwalimu Melkizedeki alipapasa hewa mbele yake, akaipapasa pembeni, akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la mtoto. Akamwomba, kwa adabu ambayo hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kuisikia kwake, amwonyeshe mlango.