Matembezi ya Fundi

Kila alipotoka shule, Mpelelezi alipitia kwanza kwenye kibanda cha baba yake ndipo aende nyumbani. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, maana hakuwa mtoto wa kuambiwa jambo akaliamini hivihivi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa. Suruali aliyoipima yeye haikurudishwa kupunguzwa wala kuongezwa. Shida ni kwamba alikaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi hadi jioni, na tumbo lilikuwa limeanza kugusa meza ya cherehani.

Kabla ya msimu wa mvua kuanza, fundi alianguka palepale kibandani, mkasi ukiwa mkononi. Daktari alimpima, akakuta shinikizo la damu liko juu, akasema bila kuficha kwamba dawa peke yake hazitoshi. Asipoushughulisha mwili wake, akianguka mara nyingine huenda asiinuke tena. Mpelelezi aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango wa chumba cha daktari, na hofu ikamkaa moyoni.

Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na alirudi jioni akiwa hoi. Kwa hiyo Mpelelezi alikabidhiwa jukumu la kuhakikisha baba anatembea kila siku. Mwanzoni walitembea wote wawili mpaka sokoni na kurudi, baba akilalamikia magoti njia nzima. Halafu siku moja baba alisema atakuwa anatembea peke yake, binti abaki afanye kazi za shule. Mpelelezi akakubali kwa mdomo tu.

Mvua zilipoanza, machale yakamcheza. Njia yote ya sokoni ilikuwa tope tupu. Mtu akipita huko hatua chache tu alirudi na viatu vizito. Lakini baba alirudi matembezini viatu vikiwa safi. Si hivyo tu, alitembea miguu ikiwa imeachana, akakaa kitini taratibu kama mtu aliyechapwa viboko. Jioni moja mama alipompokea koti alisimama akalinusa, kisha akauliza hiyo ni sabuni ya wapi. Baba alijibu kwamba mteja mmoja alimpa maji akanawa mikono.

"Umenawa mikono mpaka shingoni?" mama akauliza.

Baba akajifanya anatafuta miwani. Mama alikuwa na shaka yake, naye binti alikuwa na yake. Mpelelezi aliamini baba anakwenda kuketi mahali anapiga soga na kunywa soda, huku nyumbani akiwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hilo lilimuuma sana. Alijua baba akidanganya kuhusu mazoezi, anayedanganywa hasa ni moyo wake mwenyewe.

Kesho yake alipopita kibandani alimkuta baba anamalizia kushona mkanda mpana wa turubai, wenye bizimu za chuma huku na huku. Mpelelezi alijipima nao. Ungemzunguka yeye, mama na jirani, na bado ungebaki.

"Baba, mteja gani ana kiuno hiki?"

"Ni mnene," baba akasema bila kuinua macho.

"Anaitwa nani?"

"Bosi."

"Bosi wa wapi?"

"Bosi tu. Nenda kasome."

Mpelelezi hakwenda kusoma. Baba alipofunga kibanda na kukunja ule mkanda kwapani, binti alimfuata kwa mbali. Karibu tu na hapo, nyuma ya karakana ya magari, baba alikata kona na kuingia kwenye geti la chuma, barabara ya lami ikimfikisha hadi mlangoni. Kumbe ndiyo maana viatu havikupata tope. Ndani kulikuwa na uwanja wa mchanga uliozungushiwa uzio wa mbao. Mpelelezi akajibanza kwenye uzio, akachungulia.

Baba alitoka kwenye chumba kimoja akiwa amevaa kofia ngumu. Kando yake alikuwepo mwanamke aliyevaa buti ndefu, akimwongoza farasi mkubwa wa rangi ya kahawia. Yule mwanamke, ambaye alikuwa mwalimu wa kupanda farasi, alimfunga farasi tandiko kwa ule mkanda mpya. Akauvuta mpaka tundu la mwisho, akaujaribu kwa mkono, akaridhika. Fundi akapanda ngazi ya mbao, na kutoka hapo akajipandisha tandikoni akihema.

Mpelelezi alipigwa na butwaa, kisha akakasirika. Ina maana baba amehama tu kutoka kukaa kwenye kiti hadi kukaa juu ya farasi! Anayefanya mazoezi ni farasi. Akaamua kunyamaza aone yote, amsomee mashtaka mbele ya mama.

Mwalimu akatangulia ameshika kamba ya farasi, macho yakiwa mbele. Farasi akashusha pumzi ndefu, akaanza kutembea. Hapo Mpelelezi aliona jambo ambalo mwalimu hakuliona. Mkanda ulikuwa umeachana na tumbo la farasi, na tandiko linainamia upande mmoja pamoja na baba. Akipaza sauti, amejitoa mafichoni na upelelezi wake umekwisha. Akinyamaza, baba anakwenda chini ya kwato. Hakufikiri mara mbili.

"Baba, mkanda umelegea!"

Mwalimu akamsimamisha farasi papo hapo. Baba akaikumbatia shingo ya mnyama kwa mikono yote miwili, na mwalimu akamshusha taratibu mpaka miguu ikagusa mchanga. Alikuwa amelowa jasho. Mpelelezi aliruka uzio, akamkimbilia na kumshika kiunoni, akalia.

Mwalimu alipoukagua mkanda alitikisa kichwa. Alieleza kwamba Bosi, ndilo jina la yule farasi, ni mjanja. Akiona anafungwa mkanda hujaza tumbo pumzi, na mtu akimaliza, huishusha. Ndiyo maana mkanda wa farasi hukazwa tena baada ya hatua chache, na lazima uwe na matundu ya ziada. Fundi alikuwa amempima Bosi kwa futi yake ya kushonea, Bosi akiwa amejaza tumbo, kisha akakata mkanda sawasawa na kipimo, kama anavyokata suti. Mwalimu naye alikiri kwamba alipaswa kuukagua zaidi kabla ya kuutumia.

Baba alikaa kwenye ngazi, akasema yote. Alikuja hapo kushona matandiko yaliyochanika, mwalimu akamshawishi ajaribu. Kutembea kulimchoma magoti, lakini juu ya farasi magoti yalipumzika huku mgongo, mapaja na tumbo vikifanya kazi. Akimaliza, alioga hapohapo ili asinuke farasi.

"Kwa nini hukutuambia?" Mpelelezi akauliza.

"Niliona aibu, mwanangu. Fundi mwenye tumbo hili juu ya farasi? Mtaa mzima ungenicheka."

"Lakini si unakaa tu?"

Mwalimu akatabasamu. Akafunga mkanda wa zamani wa Bosi, wenye matundu mengi, akaukaza, akamtembeza Bosi, akaukaza tena. Kisha akampandisha Mpelelezi na kumwambia akae wima bila kushika tandiko. Baada ya mizunguko michache alishuka miguu ikimtetemeka, na tumbo likimuuma utadhani amefua nguo za familia nzima. Hilo hakulibisha, maana alikuwa amelikagua mwenyewe.

Jioni ile baba alimweleza mama kila kitu. Mama akasema, "Nimelia kwa ajili ya hiyo sabuni, unajua?" Baba akainamisha kichwa, akaomba radhi.

Asubuhi wakaenda wote watatu kwa daktari. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Daktari aliruhusu farasi, ila kwa mwendo wa taratibu, kofia kichwani, mwalimu karibu, na dawa zisiachwe.

"Mazoezi uliyoyapata ni mazuri, kwa sababu mwili wako unayaweza na wewe unayapenda," akamwambia fundi. "Kosa lako ni kuyaficha. Jana ungeumia, mkeo angekutafuta sokoni. Na mimi ningekutibu bila kujua unafanya nini." Akamgeukia Mpelelezi. "Wewe ulifanya vema kupaza sauti. Lakini siku nyingine ukiwa na shaka na mtu unayempenda, muulize, na ukiona hasemi, mwambie mama yako. Afya ya mtu mmoja ni shughuli ya nyumba nzima."

Walipotoka, chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa watu, wengi wao wa mtaa wao. Mama akamwuliza fundi leo jioni anakwenda wapi. Fundi aliwatazama wale watu, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni kwamba anakwenda kupanda farasi. Mtu mmoja akacheka, na fundi akacheka naye. Kisha bibi mmoja aliyeshika magoti yake akamsogelea, akamwuliza huko kwa farasi ni upande gani.