Maana ya "Throw Up"

Kila alasiri Kamusi alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni na kumpokea mama mtoto ili mama aanue nguo. Nyumbani walimwita Kamusi kwa sababu ya Kiingereza chake, naye jina hilo alilionea fahari.

Siku hiyo alimkuta mama ameketi kitandani, amempakata mtoto ambaye mwili wake ulikuwa moto kama pasi.

"Nimetoka naye zahanati. Hebu nisomee karatasi hii ya dawa," mama alisema.

Kamusi alisoma mbio. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, hayo aliyaelewa. Mwishoni akakutana na "throw up". Throw ni kutupa, up ni juu. Akatafsiri bila kusita, "Akishakunywa, asirushwe juu."

"Nani amrushe mgonjwa?" mama alishangaa. Akamnywesha mtoto kijiko kimoja.

Haikupita robo saa, mtoto akatapika hadi shuka likalowa. Mama akaishika chupa tena. "Dawa yote imetoka! Nimwongeze kingine? Karatasi inasemaje?"

Kamusi aliitazama karatasi tena. Akisema kweli, sifa zake zote zitakwenda na maji. Akinyamaza je? Kijiko kilikuwa kimeshajaa, kinaelekea mdomoni mwa mtoto.

"Mama, ngoja! Kuna maneno sikuyaelewa. Nilibuni tu."

"Ulibuni? Kwenye dawa ya mdogo wako?"

Mama hakungoja jibu. Alimfunga mtoto mgongoni, wakatoka mbio hadi duka la dawa, mtaa wa pili.

Mfamasia aliisoma karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Throw up ni kutapika. Maneno haya yakikaa pamoja, usiyatafsiri moja moja. Hapa wanasema mtoto akitapika, asiongezewe dawa kabla ya kutuuliza, maana ikizidi ni hatari. Umempa vijiko vingapi?"

"Kimoja tu," mama alijibu.

Mfamasia akashusha pumzi. Alimpima mtoto joto, akawaeleza la kufanya, akawaweka pale kwenye benchi amwangalie. Jua lilipoanza kupoa, homa ilishuka na mtoto akaanza kunyonya.

Kamusi alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akamvuta karibu.

"Kutojua neno si kosa, mwanangu. Kosa ni kunidanganya kwamba unajua. Siku nyingine sema hujui, twende tukaulize. Sawa?"

"Sawa, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Haya, mfute mdogo wako mdomo, twende nyumbani."