Somo la Siku ya Wageni

Asubuhi ile nyumba ilikuwa imetulia. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nusu ya uso imelala kwa kiharusi, nusu nyingine inacheka. Mjukuu wake wa kike alikuwa akipiga pasi koti jeupe la chuo, kola kwanza, kisha mikono. Alikuwa anasomea lishe. Akimaliza, kazi yake hospitalini ingekuwa kumwandalia kila mgonjwa chakula kinachomfaa na kuhakikisha kinamfikia hivyo hivyo.

"Leo mazoezi yenyewe ni juu yenu," alimwambia bibi. "Mtu aliyepatwa na kiharusi alishwe vipi."

"Kasome basi," bibi akajibu kwa ulimi mzito. "Nimechoka na viazi vya kuponda vya mama yako."

Wakacheka. Hapo ndipo baba yake, fundi seremala, alipotoka chumbani.

"Wewe, Daktari wa Sufuria, vua hilo koti. Nina wageni wanaoleta oda ya milango, na mama yako yuko kiwandani."

"Baba, nimeshakosa mazoezi mara nyingi. Na somo la leo ni la watu kama bibi."

"Kupika nako kunasomewa? Mama yangu huyu alitulea sote na ubao hajauona."

"Sisomei kupika, baba. Nasomea mgonjwa ale nini, na ale vipi."

"Vizuri. Hapa tuna wagonjwa wa njaa. Watibu."

Kaka zake wawili, wanaume wenye ndevu zao, waliangua kicheko huku wamejinyoosha kwenye kochi. Nawauliza, jamani: mikono yao ilikuwa na maradhi gani? Kaka mkubwa alipokuwa akijifunza udereva, alifuliwa mpaka soksi ili asichelewe. Binti akisoma, huo ni mchezo.

Koti likarudi kwenye msumari.

Mchana wageni wakala, wakasifu. Wakati huo huo, chuoni wenzake walikuwa wamezunguka meza, kila mmoja na kikombe na kijiko, wanamsikiliza mkufunzi. Yeye alikuwa kwenye masufuria mpaka viwikoni. Bibi akaita kwamba ana njaa. Binti akawaza kama mimi na wewe tungewaza: koo limechoka, basi lirahisishiwe. Akaichuja supu, akaizimua kwa maji ya moto ikawa nyepesi kama chai, akamnywesha kwa upendo wote.

Bibi akapaliwa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Baba, njoo umwone bibi."

"Mpigepige mgongoni, itapita. Lete chai, watu wanasubiri."

Akapeleka chai. Akarudi kumnywesha bibi. Bibi akapaliwa tena.

Siku iliyofuata homa ilipanda, kifua kikawa kinakwaruza kama msumeno kwenye mbao mbichi. Hospitalini muuguzi aliuliza mgonjwa alikunywa nini. Akaelezwa, akatikisa kichwa. Kiharusi hulegeza koo, alisema, na kitu chepesi hukimbia kikaingia njia ya hewa mpaka mapafuni. Supu ilitakiwa iwe nzito, idondoke taratibu kutoka kwenye kijiko. Na mgonjwa akikohoa, mtu anaacha kumlisha.

Seremala akamgeukia bintiye mbele ya watu. "Sasa huko chuoni mnafundishwa nini, ikiwa hata hili hulijui?"

Binti hakupandisha sauti. "Hilo hilo, baba. Lilifundishwa jana, wageni wako walipokuwa wakila."



Bibi hakurudi tena kwenye kiti chake cha dirishani. Oda ya milango ilipatikana.

Baada ya msiba, baba mwenyewe ndiye aliyeliteremsha koti kutoka msumarini. Lilikuwa bado na mikunjo ya pasi ya asubuhi ile. Akampa binti. Jikoni kaka zake walikuwa wakiosha masufuria, na ajabu ni kwamba maji hayakuwayeyusha.

FUNZO

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Ninyi wenye mabinti vyuoni, mtoto anayesoma si mtumishi aliyeazimwa na chuo mmrudishe nyumbani mkitaka. Kujua mgonjwa ale nini ni tiba kama sindano, na anayekuletea tiba hiyo nyumbani unamwita wa sufuria? Mpisheni aende. Ukimtoa darasani leo, kesho usimuulize kwa nini hajui.