Soksi Juu ya Amplifaya

"Mzee Salvatory, wewe ndiye uliyenitia hasara!" Mama Dativa alifoka, mikono kiunoni. "Mwaka jana ningenunua hom thieta, kila kitu kimo humo humo. Ukanishauri amplifaya peke yake, spika peke yake. Haya, imekufa!"

"Hom thieta ikiungua, umekosa vyote," mzee alijibu taratibu. "Hapa imekufa amplifaya tu. Spika zako nzima."

"Fundi wa maneno huyo!" jirani yao Brigitha alidakia, akigeuza maandazi kwenye karai. Majirani wakaangua kicheko. Mzee akaishia kutazama ndala zake.

Dativa wa darasa la sita alikuwa mlangoni akichambua mchele. Masikio yalimwaka. Wiki iliyopita mvua ilinyesha Ifakara bila kukata, na soksi zake za shule hazikukauka. Amplifaya ilikuwa na joto zuri. Akazianika juu yake, penye matundu, huku zikichuruzika maji. Ilipotoa moshi alizificha, akasema, "Mama, imezima yenyewe."

"Kesho nanunua hom thieta," mama alisema. "Na ushauri wako, mzee, baki nao."

Mzee akageuka aondoke. Hakuaga, yeye ambaye huaga hata kuku. Dativa akaweka ungo chini.

"Mama, ni mimi! Nilianika soksi mbichi juu yake."

Wote wakamgeukia. Maandazi ya Brigitha yakaungua.

"Yaani nimemvunjia heshima mtu mzima kwa sababu ya soksi?" mama aliuliza kwa sauti ndogo. Akamfuata mzee, akamwomba radhi mbele ya wote.

Kesho yake mama hakwenda kununua hom thieta. Fundi Nassib alibadilisha kifaa kimoja, muziki ukarudi kwenye spika zilezile. Dativa hakucheza. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza kosa lake, na mwisho akasimama mlangoni kwa Mzee Salvatory, macho chini.

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Marahaba. Waliocheka umewaambia?"

"Wote. Hata mama Brigitha wa maandazi."

"Huyo ukimwambia, mtaa mzima wa Mlabani umesikia," mzee alicheka. "Mjukuu wangu, amplifaya ina spea. Jina la mtu halina. Ukilichafua kwa uongo, ni ukweli tu unaolisafisha, tena mapema."

Dativa akaitikia kwa kichwa, akageuka aende.

"Unakwenda wapi? Nawa mikono. Wali na perege vinapoa, ingia tule."