Mdomo Uliozibwa Nyumbani

Jioni mama alirudi kutoka hotelini alikosafisha vyumba, mikono ikinuka sabuni. Binti zake wawili, wanafunzi wa sekondari, walikuwa mezani na baba yao, fundi cherehani.

"Mama Bedi huyo!" alisema mkubwa. "Leo umetandika bedi ngapi?"

Baba akacheka mpaka akapaliwa. Kitanda kwa Kiingereza mama alikiita "bedi", na jina likamganda kama kupe. Alitabasamu, lakini roho ilimuuma. Akaacha kabisa kutamka Kiingereza nyumbani. Kwa miaka kadhaa alijifunza kwa macho tu, midomo imefungwa, huku akimwomba Mungu ampe kazi ya mapokezi pale hotelini.

Kwenye darasa la jioni la Kiingereza alikojiandikisha, mwalimu akaigundua hofu yake.

"Dada, mbona husomi kwa sauti?"

"Nitachekwa, mwalimu."

"Maneno yetu ya Kiswahili huishia na a, e, i, o au u. Ya Kiingereza mengi hukatika bila irabu hizo, kama 'bed'. Ulimi wako umezoea lugha ya kwetu, si ujinga. Sikiliza, tamka, rudia, tena mbele ya mtu. Kuogelea hakufundishwi nchi kavu."

Darasani alijaribu. Nyumbani aliogopa.

Siku ya usaili wa kazi ya mapokezi, meneja alimwambia amkaribishe mgeni kwa Kiingereza. Maneno yote aliyajua. Akaanza, akakwama kwenye neno la kwanza. Alisikia vicheko vya wanawe, ingawa hawakuwapo. Kazi akapewa mwingine.

Jioni hiyo hakugusa chakula.

"Vipi, Mama Bedi?" aliuliza mkubwa.

"Nimekosa kazi. Kiingereza nilikuwa nacho. Nyinyi ndio mlioniziba mdomo."

"Tulikuwa tunatania tu, mama."

"Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbuka usaha."

Baba akainamisha kichwa. Binti mdogo akafuta machozi, akaleta kitabu cha Kiingereza.

"Nisomee, mama. Nitakusahihisha, sitakucheka."

Wakawa wanasoma kwa sauti kila jioni. Mama akikosea, binti alitamka taratibu, naye akarudia. Ulimi ukalainika. Nafasi nyingine ilipotokea mapokezi, aliipata. Lafudhi ya kwao ilibaki, na wageni walimwelewa vizuri.

Baba akawatangazia majirani, "Mke wangu anamwaga Kiingereza kama maji!"

Mama alimshukuru Mungu kwa kazi. Kwa mumewe hakuona la kushukuru. Miaka aliyonyamaza ndani ya nyumba yake mwenyewe, nani angemrudishia?