Mpini Uliokaliwa

Asubuhi ile Mama Visu alipofungua karakana yake, alikuta mpini umebonyea. Jana yake aliuacha laini kama yai. Alikuwa ameupiga msasa mpaka mikono ikafa ganzi, akaupaka mafuta na kukilaza kisu mezani kikauke. Sasa mpini ulikuwa na mabonde manne upande mmoja na moja upande wa pili, kama udongo mbichi uliofinywa na mtu. Na mti wenyewe ulikuwa mgumu, nusura umalize meno ya msumeno.

Alimwita mumewe, akamuuliza kama ameuchezea. Mume, mtu wa mzaha, akasema kisu pekee anachokijua yeye ni cha kukatia mkate. Akatia vidole vyake kwenye yale mabonde ili amchekeshe mkewe. Vikapwaya. Aliyeushika mpini ule alikuwa na vidole virefu kuliko vya mtu yeyote waliyemjua, na mume akaurudisha mezani taratibu, mzaha umemwisha.

Kisu kilikuwa cha mdogo wake Mama Visu, askari wa misitu, aliyetaka kitu cha kuchongea vigingi na kupasulia kuni huko porini anakolala. Bapa lilitoka kwenye springi ya lori kuukuu. Mama Visu alilifua, akalizima kwenye mafuta, akalirudisha motoni kidogo ili lisivunjike kama kioo. Tangu aanze ufundi hakuwahi kutoa bapa zuri kama lile. Kipande cha mpini alikileta mdogo mtu mwenyewe, kutoka kwenye mti mkubwa uliozuia barabara ya msituni. Vibarua walikataa kuugusa, akawacheka, akauangusha yeye.

Kipande kile kilipopita kwenye msumeno kilitoa harufu ya nywele mbichi, nywele za mtu aliyetoka kunyeshewa. Mama Visu hakujali. Kila mti una harufu yake. Na sasa pia alijikaza, akaupiga mpini msasa upya mpaka mabonde yakafutika, akafunga mlango na kwenda kula na mumewe.

Walikuwa katikati ya chakula waliposikia msasa. Ulisikika kutoka karakana, ukienda na kurudi bila haraka, kama mtu anayejikuna mahali panapomwasha. Mume aliangalia mikono ya mkewe. Yote miwili ilikuwa juu ya meza. Waliinuka pamoja wakavuka ua, na walipofika mlangoni sauti ilikoma. Kufuli lilikuwa vilevile, dirisha vilevile, lakini ndani harufu ya nywele mbichi ilikuwa nzito hadi ikawakaa kooni, na vumbi jipya la mti lililotapakaa chini ya meza lilikuwa na joto la kwapa la mtu.

"Kichome," mume alinong'ona.

"Bapa langu limo ndani."

"Basi choma na bapa."

Hakuthubutu. Alijiambia kwamba atautoa mpini ule jioni, aweke mwingine, na mdogo wake asijue lolote. Lakini mdogo wake aliwahi. Aliingia kwa mlango wa nyuma wa ua kama kawaida yake, akakuta karakana haijafungwa tena, na dada alipotoka jikoni kumpokea alimkuta amesimama karakana, kisu mkononi, vidole vyake vimezama katika mabonde yaliyokuwa yamerudi, na vilikuwa vimenyooka, vimerefuka, vimeyajaza sawasawa.

"Mdogo wangu, weka chini."

Alipogeuka, macho yalikuwa yake lakini sauti ilikuwa ya mwingine, kavu, ya chini, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea.

"Nyumba yangu huyu ameiangusha," ilisema. "Nimebaki na chumba hiki, na wewe kila siku unakikwangua."

Ncha ya kisu ikaanza kugeuka. Iligeuka polepole kuelekea tumbo la mwenye mkono, na mkono wa pili wa yule kijana ukajaribu kuuzuia ukashindwa, naye akawa analia bila sauti huku kinywa chake kikitabasamu, mpaka shemeji yake alipomrukia kwa nyuma, wakaung'ang'ania ule mkono wote wawili, mke na mume, wakaliburuta bapa hadi kwenye jiliwa na kulibana humo, na chuma cha jiliwa, kinachobana chochote bila kulalamika, kikaanza kuguna. Mume akakimbia kumwita mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Hakuleta mbwembwe. Alivuta kiti, akaketi mbele ya yule kijana, akauliza kwa adabu mgeni anataka nini. Mgeni akajibu kwamba hapa yeye si mgeni, ameletwa. Anataka kwao. Mganga akamwambia kwao kimebaki kisiki tu, na kama atakikubali atapelekwa leo hii. Kisha sauti ikasema, "Aliyenifungia anifungue."

Basi Mama Visu akachukua nyundo na msumari butu, akaanza kuzigonga pini za shaba alizozipigilia mwenyewe, huku mdogo wake akipiga mayowe kila pini ilipotoka, na yeye hakusimama, kwa sababu mganga alimtazama kwa namna iliyomkataza kusimama. Pini ya mwisho ilipoanguka mpini ukapasuka vipande viwili. Mkono ukaachia. Vidole vilikuwa vyeupe, vimejikunja, na havikunyooka tena maisha yake yote.

Mganga alivifunga vipande katika kitambaa. Kabla hajatoka kuvipeleka msituni, alimwinamia yule kijana.

"Nimeambiwa alisema chumba," alimwambia. "Nyumba ilikuwa na vyumba vingi. Mti uliobaki ulikwenda wapi?"

Kijana akasema alimpa seremala wa mtaa wa pili.

Kesho yake Mama Visu alikwenda huko peke yake. Seremala alimpokea vizuri, akamsifia mbao zile alizoletewa na mdogo wake. Hazipati baridi hata alfajiri, alisema. Alitengeneza vitanda, na watu wamevichukua vyote, hakumbuki nani na nani. Kilichobaki ni kitanda cha mtoto tu, amempa mjukuu wake.

"Njoo umwone, dada. Hajalia tangu tumlaze humo."

Mama Visu akainama juu ya kitanda. Mtoto alikuwa mchanga, hata shingo haijakaza. Alikuwa macho, ametulia. Alimtazama Mama Visu kidogo, kisha akasogea ukingoni mwa godoro, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake alale.